Kukopi Solo za Pat Metheny kwa Sikio

Wengi wanaotaka kumkopi mpiga gitaa wa jazz Pat Metheny, yaani kusikiliza solo zake na kuziandika au kuzipiga noti kwa noti, huanzia pagumu. Wanachukua rekodi za kundi lake kubwa, zenye kinanda, sinthesaiza na waimbaji, halafu hawajui gitaa limeishia wapi na kinanda kimeanzia wapi. Anza na rekodi za watu watatu: gitaa, besi na dramu. Humo kila noti ya gitaa iko wazi.

Albamu mbili zinakutosha kwa miezi kadhaa. Moja ni Bright Size Life, iliyorekodiwa Ludwigsburg, Ujerumani, Desemba 1975 na kutoka 1976, Jaco Pastorius akiwa kwenye besi na Bob Moses kwenye dramu. Nyingine ni Question and Answer ya 1990, aliyopiga na Dave Holland kwenye besi na Roy Haynes kwenye dramu. Kama hujawahi kukopi solo ya jazz, tangulia na hii ya pili, wimbo wa "Solar". Mzunguko wake, yaani sehemu inayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, ni vipimo (bar) 12 tu, na kodi zake (chord, noti zinazopigwa pamoja) zimeandikwa katika vitabu vingi, hivyo kazi inayobaki ni solo yenyewe.

Gitaa liache kwanza. Sikiliza wimbo mzima huku ukihesabu, na kila mzunguko unapoanza upya andika dakika na sekunde. Ukimaliza una ramani, na hata ukipotea katikati ya solo unajua pa kurudi. Kisha imba mzunguko mmoja wa solo mpaka uweze kuuimba bila rekodi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya noti zikae kichwani. Usichoweza kuimba utakipiga kwa kubahatisha.

Sasa tyuni gitaa kwa kufuata rekodi, wala si kwa kufuata tyuna peke yake. Kama nakala yako imetolewa kwenye sahani ya santuri, huenda mwendo ulikuwa umezidi au umepungua, na kosa la asilimia 6 linatosha kuhamisha wimbo mzima kwa nusu toni. Ukiona kila noti inaangukia katikati ya vyumba (fret) viwili vya shingo, tatizo ni rekodi, si sikio lako.

Tumia programu inayopunguza mwendo bila kushusha kimo cha noti. Weka asilimia 70 kwanza, kisha 50 kwa sehemu za kasi. Chini ya hapo mpigo wa piki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi) huyeyuka na hutajua noti imeanza lini. Rudia vipimo viwili viwili, lakini ongeza pigo moja au mawili ya kipimo kinachofuata. Sentensi zake mara nyingi huvuka mpaka wa kipimo, na ukikata mpakani utaandika mwisho usio mwisho.

Kupata noti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua imepigwa wapi. Chukua E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi. Noti hiyohiyo iko uzi wa pili chumba cha 5, uzi wa tatu chumba cha 9, uzi wa nne chumba cha 14 na uzi wa tano chumba cha 19. Ni sauti moja, lakini kwenye nyuzi nene ni nzito zaidi. Katika rekodi hizi Metheny anatumia Gibson ES-175 yenye sauti iliyopunguzwa makali, kwa hiyo ukipiga sehemu ileile kwenye nyuzi nyembamba karibu na kichwa cha gitaa itasikika kali kuliko yake. Sikiliza pia noti zisizo na mpigo wa piki. Zimetolewa kwa kidole cha mkono wa kushoto, na ukizipiga zote kwa piki mtiririko wake unakufa hata kama noti ni sahihi. Weka alama kwenye kila noti isiyopigwa piki.

Unapoandika noti, kumbuka gitaa huandikwa oktava moja juu ya linavyosikika. Ukilinganisha na kinanda bila kukumbuka hilo, kila kitu kitakuwa oktava moja nje.

Besi ikikushinda kusikia, pandisha rekodi nzima oktava moja kwenye programu. Besi itaingia katika eneo la gitaa na noti zake zitajitenga. Katika Bright Size Life usidhani kila noti ya besi ndiyo mzizi wa kodi (noti inayoipa kodi jina lake), maana Pastorius anapiga melodi yake mwenyewe. Wimbo uliobeba jina la albamu uko katika D, lakini kodi ya B flati inaingia mapema baada ya G. Kwenye G na B flati noti ya D imo kote, basi itumie kama kamba ya kushikilia. E juu ya B flati si kosa. Ni noti ya kumi na moja ukihesabu kutoka B flati, iliyopandishwa nusu toni, na ndiyo inayoupa wimbo mwanga wake.

Ukitoka hapo, angalia gitaa lenyewe kabla ya kuanza. Sauti ndefu kama ya tarumbeta katika "Are You Going with Me?", albamu ya Offramp ya 1982, ni gitaa la sinthesaiza. One Quiet Night ya 2003 imepigwa kwa gitaa la baritoni ambalo nyuzi mbili za katikati zimepandishwa oktava. Ukitafuta mikao yake kwenye gitaa la kawaida hutaipata kamwe. Na "First Circle" ya 1984, yenye mapigo 22 kwa kipimo, usiihesabu kwa mkupuo. Hesabu 12, kisha 10, ukipiga makofi polepole mpaka mguu wako uache kubishana na mikono.