Mtoto mwenye usonji kambini: mwandalie Ijumaa jioni

Kama mwanao mwenye usonji anakwenda kambi ya Kiyahudi kiangazi hiki, usihangaike sana na kuogelea. Hangaikia Ijumaa jioni. Ndipo Sabato inapoingia: ratiba inabadilika, watoto wanavaa nyeupe, na bwalo la chakula linarindima kwa nyimbo huku meza zikipigwa. Mtoto asiyejua kinachokuja anaweza kujikunja chini ya meza, masikio kayaziba kwa viganja.

Lile shati jeupe lifue mara kadhaa nyumbani lilainike, ukate na lebo ya shingoni. Mpe vifunika masikio visivyo na betri, maana kambi zinazoshika Sabato kikamilifu hazitumii vifaa vya umeme siku hiyo. Kama anaongea kwa tableti, zungumza na rabi wa kambi wiki kadhaa kabla. Ile ni sauti yake, asinyang'anywe. Ratiba ya picha iwe tayari kabla jua halijazama, na picha ya mwisho iwe ule mshumaa uliosukwa wa Havdala, ibada fupi ya kuaga Sabato Jumamosi usiku, ajue Sabato inaisha lini.

Usione haya kuuliza. Kambi za Ramah za Marekani zina programu ya Tikvah kwa watoto wenye ulemavu tangu 1970.