Umeagiza RAP ya binadamu? Soma hii kabla hujafungua kichupa

Haya wadau wa labu, hii ni kwa wale wanaofanya kazi na risepta (zile protini za juu ya seli zinazoshika vitu vya nje) za familia ya LDL, hasa ile inayoitwa LRP1, na wameagiza ile protini ya RAP, yaani protini inayoambatana na risepta hizo, iliyotengenezwa ndani ya bakteria. Kwenye maelezo ya muuzaji utakuta imeandikwa inasaidia risepta kufanya kazi, na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanadhani wakiimwaga juu ya seli risepta zitachangamka. Hapana. Ukiiweka nje ya seli inaziba risepta. Kusaidia inasaidia ikiwa ndani tu.

Ngoja nieleze kidogo maana bila hili hata jaribio lenyewe hutalipanga vizuri. LRP1 ni lidude likubwa, kilodaltoni kama 600, na ni king'ang'anizi, linashika vitu zaidi ya 40 tofauti, ikiwemo apoE, protini inayobeba mafuta, ambayo seli nyingine zinaitengeneza zenyewe humohumo ndani. Sasa risepta ikiwa bado inakunjwa kwenye retikulamu ya endoplazimu (karakana ya protini ndani ya seli) inaweza kushikana na hiyo apoE kabla haijafika juu, ikaganda hapo. Kwahiyo RAP inaikalia mapema, kama dada anayemshika mdogo wake mkono asiokote vitu njiani mpaka wafike shule. Wakifika Golgi, kituo kinachofuata ndani ya seli, asidi inaongezeka, RAP inaachia, inarudishwa ilikotoka kwa sababu mwishoni ina amino asidi nne, HNEL kwa herufi zake, ambazo ni kama tiketi ya kurudi. Panya waliofutiwa jini ya RAP wanakuwa na LRP1 iliyokomaa kidogo kwenye ini na ubongo, na hilo limejulikana tangu 1995.

Haya, kichupa kimefika. Kwanza kizungushe kwenye sentrifyuji sekunde chache kabla hujafungua, maana ule unga ni mwepesi mno na mara nyingi umekwama kwenye kifuniko, ukifungua haraka haraka unapeperuka na hela ya watu. Halafu soma ile karatasi iliyokuja nacho, angalia vitu viwili: ina mkia gani, yaani kipande kilichobandikwa ili iwe rahisi kuisafisha (histidini au GST), na imekaushwa na bafa gani. Mkia una maana kwenye hesabu. RAP tupu ni kilodaltoni kama 39, GST inaongeza 26 hivi, kwahiyo ukipiga hesabu ya 39 wakati umenunua yenye GST unaweka pungufu sana afu unalalamika haifanyi kazi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Tuseme una maikrogramu 100 za RAP isiyo na GST, weka maikrolita 100 za bafa, unapata miligramu 1 kwa mililita, ambayo ni kama maikromola 25.6. Watu wengi wakitaka kuziba LRP1 kwenye seli wanaanzia nanomola 200 na kupanda mpaka 500 au zaidi. Nanomola 200 ni maikrogramu 7.8 kwa mililita. Kwa sahani ya vishimo 24 ukitumia nusu mililita kila kishimo hapo ni maikrolita 3.9 za stoku yako, kwahiyo kichupa kizima ni vishimo 25 tu, na ukitoa vya kontroli na marudio utaona kinaisha mapema kuliko ulivyoota. Panga kwanza kwenye karatasi ndo uyeyushe.

Kuyeyusha usitikise kwa mashine, geuzageuza tyubu taratibu na uiache dakika kadhaa, povu likitokea ujue protini inaharibika. Ukimaliza gawa kwenye tyubu ndogondogo, maikrolita 20 hivi kila moja, uweke nyuzi -80. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena ndo kunaua protini nyingi kwenye labu zetu, na umeme ukikatika usiku friza nayo inafanya hivyohivyo bila kukuuliza, kwahiyo kama labu haina jenereta ya uhakika weka tyubu zako katikati ya friza kwenye boksi lililojaa, sio mlangoni.

Bafa sasa. Usitumie yenye EDTA, ile kemikali inayonyonya kalsiamu. Zile sehemu za LRP1 zinazoshika vitu zinahitaji kalsiamu ili zikae na umbo lake, ukiinyonya kalsiamu risepta inalegea, utaona hakuna kinachoshikana na utadhani RAP imeziba kumbe umeziba wewe. Na heparini pia iepuke, RAP inaipenda sana, itakamatwa huko.

Kwenye seli zenyewe, weka RAP nusu saa kabla ya kile unachotaka kukizuia. Ukitaka kupima kushikana tu fanya kwenye barafu, nyuzi 4. Ukipandisha mpaka 37 seli zinaimeza RAP yenyewe na kuisaga, kwahiyo kwa jaribio la masaa mengi kizuizi kinapungua taratibu na unatakiwa uongeze au ukubali hivyo.

Kontroli ndo pananiudhi nikisoma kazi za watu. Kuweka bafa tupu haitoshi. Protini imetoka kwenye E. coli, ina endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) isipokuwa muuzaji amesafisha na kuandika kiwango, na ukiiweka kwenye makrofeji, zile seli za kinga, zitawaka kwa sababu ya endotoksini sio RAP. Njia rahisi, chemsha kidogo uone: endotoksini inavumilia moto, ikiwa iliyochemshwa nayo inawasha seli vilevile basi jibu unalo. Kontroli nzuri zaidi ni RAP iliyobadilishwa amino asidi mbili, lisini ya 256 na ya 270, hizo mbili ndo zinashika risepta. Na kumbuka RAP haichagui LRP1 peke yake, inashika risepta nyingine za familia hiyo pia, kama megalini na risepta ya VLDL, kwahiyo usiandike "LRP1 inahusika" mpaka umejaribu na seli zilizofutiwa LRP1 au antibodi yake.

Wanaouliza sisi huku inatuhusu nini, inatuhusu sana. Homa ya Bonde la Ufa, ile iliyoripotiwa mara ya kwanza 1931 kutoka Naivasha na iliyoua watu na mifugo Kenya na Tanzania 2006 na 2007, virusi vyake vinaingia kwenye seli kupitia LRP1. Hilo lilitoka 2021, na miongoni mwa vilivyotumika kuonyesha ni hii RAP, kipande chake cha tatu tu, D3. Kiliwekwa kwenye seli virusi vikashindwa kuingia, panya waliopewa wakapona. Ila usiende kujaribu na virusi vyenyewe kwenye labu ya kawaida, hivyo ni vya labu ya usalama ngazi ya 3. Kwa labu ya kawaida tumia alfa-2-makroglobulini iliyoamshwa, protini ya damu inayoshikwa na LRP1, ipake rangi inayong'aa, uangalie inavyoingia na inavyogoma RAP ikiwepo. Ikigoma kwenye nanomola 200 ujue RAP yako ni nzuri, isipogoma hata 500 rudi kwenye bafa na hesabu kabla hujamwandikia muuzaji.