Maua tele, matunda haba: kuchavusha mstafeli na mtopetope kwa mkono

Mstafeli ukichanua sana bila kuzaa, wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Kabla ya kutoa hela, chunguza ua lenyewe.

Mstafeli, mtopetope na ndugu yao cherimoya wa nyanda za juu ni jamii moja, Annona. Asili yao ni Amerika ya kitropiki. Mtopetope mwitu wa porini kwetu nao ni wa jamii hiyo, ila wenyewe ni wa Afrika. Ua la miti hii lina sehemu za kike na za kiume, lakini haziwi tayari kwa wakati mmoja. Mwanzoni petali huachana kidogo tu. Ukichungulia ndani utaona stigma, yaani sehemu za kike zinazopokea chavua, zinang'aa na kunata: hapo ua ni jike. Baadaye petali hufunguka wazi, stigma zinakauka na chavua, ule unga wa kiume, inaanza kupukutika. Sasa limekuwa dume.

Nyuki hawasaidii sana hapa. Wanaohamisha chavua ni mbawakawa wadogo mno wanaojipenyeza ndani ya ua. Wakipungua, au hewa ikiwa kavu mno, maua hudondoka, na tunda linaloshika huota limepinda. Upande uliosinyaa ndio ambao mbegu hazikutungwa.

Dawa yake ni mkono wako. Jioni, chuma maua yaliyofunguka wazi, yakung'ute juu ya karatasi safi, kisha hifadhi chavua mahali pakavu penye ubaridi. Alfajiri ya kesho yake, kabla jua halijawa kali, tafuta maua yaliyoachana kidogo. Tanua petali taratibu kwa vidole, chovya brashi ndogo laini kwenye chavua na uizungushe juu ya stigma zote, maana ukipaka upande mmoja utavuna tunda la upande mmoja. Kwa mstafeli, chagua maua ya kwenye shina na matawi manene. Stafeli moja linaweza kuzidi kilo 4, na kijitawi hakilibebi.

Msimu wa maua usipulizie sumu ya wadudu, utawaua hao hao wanaokufanyia kazi. Tandaza majani makavu shinani udongo ubaki na unyevu. Mtopetope huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo upogolee kabla ya mvua. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama unga, wakionekana, shughulikia na sisimizi pia, kwani ndio wanaowalinda.

Stafeli huchumwa kijani kikianza kufifia na miiba ikiwa imeachana na kulainika. Ukisubiri lilainike mtini, popo na ndege watakutangulia. Topetope huwa tayari mifereji kati ya magamba yake inapopanuka na kugeuka rangi ya maziwa.

Mbegu zina sumu: zitemwe, wala zisisagwe pamoja na juisi. Unga wa mbegu hizo ukiingia machoni huleta madhara makubwa. Na chai ya majani ya mstafeli inayouzwa kama tiba ya saratani haijathibitishwa kuwatibu wagonjwa. Usimshauri mtu aache hospitali kwa ajili yake.