Ombi la LinkedIn lisiende mikono mitupu

Ukitaka kuunganishwa na mtu LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, usibonyeze kitufe ukaondoka. Andika sentensi mbili: umemjuaje, na kipi hasa katika kazi yake kimekusaidia. "Nimesoma andiko lako la ukaguzi wa hesabu, ile hoja ya risiti nimeitumia" inatosha kabisa. Kazi usiombe siku hiyohiyo, tafadhali. Ni kama kuposa kabla ya salamu.

Tena orodha yako usiijaze maswahiba wa karibu peke yao. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, maana wao husikia yasiyofika kwetu. Mimi kila mwezi humwandikia mmoja tuliyepotezana, kumjulia hali tu.