Ng'ombe amekufa baada ya sindano: namna ya kumlalamikia daktari wa mifugo mpaka usikilizwe

Wafugaji wenzangu wa Dodoma na kanda ya kati, naandika hii kwa sababu kila nikienda mnadani Msalato sikosi kumsikia mtu analalamika kuhusu daktari wa mifugo, mara kachoma dawa siyo, mara kachukua hela hakurudi, mara mbuzi wameisha wote baada ya chanjo, watu wanasikitika wanatikisa vichwa halafu inaishia hapo hapo kwenye nyama choma, na yule bwana kesho yake yuko kwenye zizi la mtu mwingine na bomba lile lile. Sehemu ya kumpeleka ipo. Inaitwa Baraza la Veterinari Tanzania, lipo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na kazi yake ni kusajili madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi, kusimamia maadili yao, na kumwajibisha anayeharibu kazi, awe wa serikali au wa binafsi.

Mimi hili nimelijua nikiwa nimeshachelewa. Nilikuwa na mtamba huku Ihumwa, amebakiza kama miezi miwili azae, nikaamka asubuhi nikamkuta hali majani, anahema kwa shida, matezi chini ya masikio yamevimba kama mayai. Nikampigia mtu ambaye kwenye simu yangu nilimsevu "Dokta Ng'ombe". Alikuja na pikipiki, hakutoa kipimajoto, hakuligusa hata lile tezi, alichoma sindano mbili fasta fasta, nikamtumia elfu thelathini na tano akaondoka. Siku ya tatu mtamba akafa. Nilipokwenda ofisini kushtaki dada mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, jina lake kamili nani, amechoma dawa gani, kiasi gani, amesajiliwa kwa namba ipi? Sikuwa na jibu hata moja. Nikarudi nikapekua zizi zima nikaokota chupa moja kwenye samadi, lebo imeloa mkojo imechanika, zimebaki herufi nne tu. Kwa hiyo ninachosema hapa chini chote kinatokana na lile swali la yule dada: malalamiko yako yanaanza kuandaliwa siku mtaalamu anapoingia zizini, sio siku mnyama anapokufa.

Kwanza ujue anayekuja kwako ni nani hasa, maana sisi kila mwenye bomba tunamwita dokta. Daktari wa mifugo kamili amesoma digrii ya udaktari wa wanyama, kwa hapa nchini ni SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro miaka mitano, na jina lake linaingia kwenye rejista ya madaktari. Halafu wapo wenye diploma na cheti, wengi wamepita vyuo vya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kama hicho cha Mpwapwa hapa hapa mkoani kwetu, hawa wanaorodheshwa na baraza kama wataalamu wasaidizi na wanafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Wanatusaidia sana hawa, bila wao vijijini tusingekuwa na mtu kabisa, nawaheshimu, ila kazi yao ina mipaka, kumpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa kwa mfano ni kazi ya daktari. Na wapo wa tatu ambao hawajasajiliwa popote, alikuwa msaidizi kwenye duka la dawa, kajifunza kuchoma, basi. Huyo wa tatu kesi yake ni tofauti kabisa, kutoa huduma bila usajili ni kosa la jinai, kwa hiyo anapelekwa polisi na baraza linapewa taarifa.

Namna ya kujua ni kuuliza. Mwambie, "Daktari samahani, naomba jina lako kamili na namba ya usajili niandike kwenye daftari la ng'ombe." Mwenye nayo hakasiriki, wengine hata wanafurahi kukutana na mfugaji anayeandika. Ukiona anaanza kukuuliza wewe unanitilia mashaka au vipi, mwache aende, piga simu kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya uulize kama wanamfahamu, na baraza lenyewe lina orodha ya waliosajiliwa, uliza huko pia.

Sasa daftari. Nunua la shilingi mia tano, litundike kwenye msumari mlangoni mwa zizi na kalamu yake. Kila anapokuja mtaalamu iandikwe tarehe na saa, mnyama gani, dalili ulizomweleza, alipima nini, joto lilikuwa ngapi (ng'ombe mzima anacheza kwenye nyuzi 38 na nusu mpaka 39 na kidogo, ukisikia 41 jua kuna moto), ugonjwa anaoufikiria, jina la dawa, mililita ngapi, amechoma msulini au kwenye mshipa, na lini anarudi. Chupa ya dawa ipige picha kabla hajaifungua, upande wa jina, upande wa tarehe ya kuisha na ile namba ya bechi. Dawa za mifugo zinatakiwa ziwe zimesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo picha ya lebo inaweza kukusaidia hata kama kosa sio la daktari bali ni la dawa yenyewe. Kwa chanjo angalia imekuja kwenye nini, chanjo ya sotoka ya mbuzi ikiletwa mfukoni kwenye jua letu hili la saa saba mchana hiyo imeshakufa, inatakiwa ikae kwenye kibebeo chenye barafu na ikishachanganywa itumike ndani ya muda mfupi, andika hilo pia.

Lipa kwa simu kama unaweza, ile meseji ina jina la aliyesajili laini, tarehe, saa na kiasi. Usiifute.

Na kitu kimoja watu hawakihesabu kama kosa la kitaaluma lakini kwangu ni kikubwa sana: ukichomewa ng'ombe antibaiotiki lazima uambiwe maziwa yasitumike siku ngapi na nyama siku ngapi, kila dawa ina siku zake zimeandikwa kwenye lebo. Daktari akichoma akaondoka kimya wewe ukaendelea kupimia majirani maziwa yenye dawa, wakanywa watoto wao, hapo amewakosea watu wengi kuliko wewe mwenye ng'ombe.

Mnyama akifa, hapa naomba msome taratibu. Kama amekufa ghafla, damu inatoka puani au sehemu ya haja, tumbo limejaa haraka na mwili haukakamai, USIMPASUE, usimchune, inaweza kuwa kimeta na kinaua watu. Mpigie afisa mifugo, weka watoto na mbwa mbali. Kama si dalili hizo, bado usikimbilie kugawana nyama, kwanza mnyama aliyekufa na sindano mwilini nyama yake haifai, pili ushahidi wako wote unaishia kwenye sufuria. Omba daktari mwingine aliyesajiliwa au ofisi ya wilaya waje wampasue kitaalamu, wachukue sampuli, TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari, wana maabara hapa Dodoma, na ombi hilo lifanyike siku hiyo hiyo maana kwa joto la kwetu mzoga wa jana hausemi kitu. Omba ripoti ya maandishi.

Halafu kaa chini ujiulize kwa haki. Mnyama anaweza kufa hata kama daktari amefanya kila kitu sawa, ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ikishafika mapafuni hata dawa yenyewe halisi inaweza kushindwa, na wengi wetu tunawaita siku ya nne baada ya kujaribu mitishamba na OTC (antibaiotiki ya oxytetracycline) ya dukani. Swali sio mnyama amekufa au amepona. Swali ni je, alimpima kabla ya kuchoma? Dawa iliendana na dalili? Alikueleza hatari? Uliporipoti hali imebadilika alipokea simu? Alifanya kazi iliyo ndani ya mipaka yake? Mtamba wangu pengine angekufa tu, sijui, lakini mtu kutoshika tezi linaloonekana kwa macho ni uzembe, na uzembe ndio unaolalamikiwa.

Barua yenyewe iwe fupi, iende kwa Msajili wa Baraza la Veterinari, na nakala kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na kama ni mtumishi wa halmashauri nakala kwa mkurugenzi maana mwajiri naye ana taratibu zake za nidhamu. Usianze na hasira. Andika hivi: "Tarehe fulani saa moja asubuhi nilimwita fulani, namba ya usajili fulani, kumtibu mtamba wa miaka miwili na nusu. Dalili zilikuwa hizi. Hakupima joto. Alichoma dawa hizi, kiasi hiki. Nilimpigia simu mara tatu kesho yake, hakupokea. Tarehe fulani mnyama alikufa." Halafu orodhesha ulivyoambatanisha, picha za lebo, kurasa za daftari, meseji ya malipo, ripoti ya maabara kama ipo. Maneno kama muuaji, tapeli, mwizi yaache, yanaweza kukugeuzia kesi wewe. Picha yake pia usiirushe kwenye magrupu kabla hajasikilizwa, naye ana haki ya kujibu na baraza lazima limpe nafasi hiyo.

Baraza likimkuta na hatia linaweza kumwonya, kumsimamisha, au kumfuta kwenye rejista. Kukulipa ng'ombe wako sio kazi yake, fidia unaidai mahakamani au mnakubaliana wenyewe kwa maandishi, ila uamuzi wa baraza ukiwa mkononi unakupa nguvu sana kwenye hayo mazungumzo. Na usilalamike ili ukwepe deni, kama hukumlipa sema wazi kwenye barua kwamba hujamlipa na kwa nini, wakija kuligundua wenyewe itaonekana deni ndio sababu ya kulalamika.

Peleka barua kwa mkono kama uko mjini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ukienda kuulizia nenda na hiyo nakala. Na ukiitwa kutoa maelezo usiende peke yako, nenda na kijana aliyeshika kamba siku ile, maana yeye ndiye alikuwa amesimama kichwani kwa ng'ombe na aliona mkono wa dokta ulikwenda wapi na haukwenda wapi.