Unataka kwenda Quebec? Anza na sheria yao ya lugha ukiwa bado Dodoma

Nafundisha Kifaransa jioni sebuleni kwangu, Kisasa, hapa Dodoma. Wanaokuja ni wauguzi, mafundi umeme, wahasibu, na siku hizi mume na mke wanaofika pamoja wakiwa wamebeba mtoto. Wengi wanaitaja Montreal, jiji kubwa la Quebec, kabla hata hawajakaa, na swali lao la kwanza ni, "Madam, kozi ni miezi mingapi?" Nawaambia miezi tutaihesabu baadaye. Leo tunasoma sheria.

Quebec ni jimbo la Kanada lenye watu kama milioni 9, wengi wao lugha yao ni Kifaransa, na pande zote wamezungukwa na Kiingereza. Tangu tarehe 26 Agosti 1977 wana Hati ya Lugha ya Kifaransa, ambayo wenyewe wanaiita Sheria ya 101. Mwaka 2022 wakaikaza kwa Sheria ya 96. Tena, kwa makubaliano ya 1991 na serikali kuu ya Kanada, Quebec inachagua yenyewe wahamiaji wake wa kiuchumi. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini Kiingereza chako kizuri, kinachoweza kukufikisha Toronto, huko hakitoshi.

Chukua daftari, ugawe kurasa nne: mimi, mwenza, kazi, mtoto.

Ukurasa wako kwanza. Kwenye mpango wao wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, watu wa taaluma za juu wanatakiwa wafike ngazi ya 7 katika kusikiliza na kuzungumza, na ya 5 katika kusoma na kuandika. Ngazi zote ni 12, na ya 7 ndipo inapoanza ile B2 ya viwango vya Ulaya unayoisikia. Mipango hii hufungwa, hufunguliwa, hubadilishwa jina. Siku unayotaka kutoa hela, fungua tovuti ya serikali ya Quebec yenyewe, usome kwa macho yako. Karatasi aliyokupa rafiki mwaka jana usiitegemee.

Mwenza wako asibaki nyumbani wakati wewe unasoma. Kifaransa chake nacho kinaongeza alama wanazozihesabu wakichagua watu. Kuhusu kazi, wauguzi wangu nawakalisha peke yao, kwa kuwa bodi za taaluma za Quebec haziruhusiwi kumpa leseni ya kudumu mtu asiyekijua Kifaransa cha kutosha kazi yake. Cheti chako cha uuguzi kinaweza kuwa safi kabisa na bado ukakwama hapo.

Ukurasa wa mtoto ndio unaonichukua muda, maana hapo nimeumia. Mdogo wangu aliondoka na mkewe na binti yao wa miaka tisa, yeye akienda na kibali cha kusoma. Wakala waliyemlipa aliwahakikishia kuwa mtoto ataendelea na Kiingereza tu, kama alivyozoea ingilishi midiamu ya hapa. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kawaida mtoto anasoma kwa Kifaransa, msingi na sekondari, isipokuwa wachache ambao sheria imewataja, hasa wale ambao mzazi wao ni raia wa Kanada aliyesoma sehemu kubwa ya shule ya msingi kwa Kiingereza humo humo Kanada. Mzazi mwenye kibali cha muda anaweza kumwombea mtoto ruhusa ya Kiingereza, lakini ni ya miaka mitatu na haiongezwi. Maombi hayo hawakuwa wameyaandaa. Mtoto akaingizwa darasa la kuwapokea wageni, la Kifaransa. Wiki ya kwanza akanipigia simu analia: "Shangazi, hata kuomba kwenda chooni sijui."

Usiku ule nilimfundisha kwa simu, neno kwa neno: *Est-ce que je peux aller aux toilettes?* Tukairudia mpaka akacheka. Tangu hapo hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kila mtoto anayepita sebuleni kwangu, kabla ya jina lake, kabla ya kuhesabu.

Pamoja na hayo siichukii sheria ile, na nakuomba na wewe usiende huko ukiwa umeinunia. Bibi yangu yuko Mvumi. Akiingia mgeni anasema "Mbukwenyi", na sisi wajukuu tunamjibu kwa Kiswahili. Watoto wetu hata hiyo salamu wanaiona ngeni. Kiswahili kina baraza lake, BAKITA, tangu 1967, na tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Kigogo cha bibi kina bibi. Nikimfikiria yeye, nawaelewa watu walioamua kuandika sheria mapema, wajukuu wao wakiwa bado wanaitikia.

Sasa sikio. Asubuhi ukijiandaa, sikiliza habari za Kifaransa chepesi za RFI, redio ya Ufaransa, dakika kumi tu. Jioni weka Radio-Canada, redio ya Kifaransa ya Kanada, hata kama huelewi, kwa sababu matamshi ya Quebec si yale ya kwenye vitabu vya Paris. *Tu dis*, yaani unasema, utasikia "tsu dzi". Mwanafunzi asiyeandaliwa anadhani ni lugha nyingine. Na chakula kitakuchanganya: Paris *déjeuner* ni cha mchana, Quebec ni cha asubuhi. Ukialikwa *dîner* njoo mchana, cha usiku ni *souper*. Barua pepe sema *courriel*, mwisho wa wiki sema *fin de semaine*. Hata kibao cha kusimamisha magari kimeandikwa ARRÊT.

Ulimi wetu Waswahili una shida zake. Tunapenda kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo *table* inakuwa "tabule". Kata mapema. Na ile *u* ya *rue*, mtaa: sema "i", ulimi uutulize hapo hapo, kisha midomo pekee iviringe kama unapuliza mshumaa. Ukiusogeza ulimi nyuma umesema *roue*, gurudumu, na mtu uliyemuuliza njia atakushangaa. Fanya mbele ya kioo, mara ishirini.

Kwenye TCF, mtihani wa kupima Kifaransa, kuzungumza ni dakika 12, sehemu tatu: unajieleza, unamuuliza mtahini maswali ili upate habari, kisha unatoa maoni yako. Watu huanguka ya pili, kwa kuwa tumezoea kujibu, si kuuliza. Mimi naweka kikapu cha zabibu mezani. Mwanafunzi mmoja anajifanya muuzaji wa soko la Majengo, mwingine anajifanya ndiyo kwanza ametoka Montreal, hajui kitu, anauliza: zimetoka shamba gani, zinakaa siku ngapi, kilo bei gani, utanipunguzia? Maswali kumi bila kurudia. Ukifika kumi, unakula.

Ukifika huko kuna kozi za bure za Francisation Québec, huduma ya serikali ya kufundisha Kifaransa, jiandikishe wiki ya kwanza. Miezi sita ikipita, barua za serikali zitakujia kwa Kifaransa, ukiacha mambo kama afya na usalama. Nyumbani kwako ongea lugha yoyote uipendayo, hilo sheria hailigusi.

Matokeo ya TCF yanadumu miaka miwili, hivyo usiufanye mtihani kabla nyaraka nyingine hazijakaribia. Ulizia tarehe Alliance Française, kituo cha Kifaransa cha Dar es Salaam, na uende siku moja kabla. Wanafunzi wangu nawapandisha SGR wawili wawili. Dodoma mpaka Morogoro ni Kifaransa tupu, hata maji ya kunywa mnaombana kwa Kifaransa. Ukitoka Morogoro funga daftari, ulale.