Kutafuta Pande na Mzingo wa Maumbo Yanayofanana kwa Uwiano wa Skeli

Maumbo mawili hufanana kihisabati pale pembe zake zinazolingana zinapokuwa sawa na pande zake zinazolingana zinapokuwa na uwiano mmoja, ambao ndio uwiano wa skeli.

Anza kwa kutambua upande upi unalingana na upi, ukifuata mpangilio wa herufi za majina. Hatua hii ndiyo inayoharibu majibu mengi, hasa umbo moja linapochorwa likiwa limegeuzwa. Tuseme pembetatu ABC inafanana na DEF, na kwamba AB ni sm 6, BC sm 8, AC sm 11, ilhali DE ni sm 9. Kwa kuwa DE inalingana na AB, gawanya urefu wa umbo unalolitafuta kwa ule wa umbo unalolijua: 9 ÷ 6 = 1.5. Hivyo EF ni 8 × 1.5 = sm 12, na DF ni 11 × 1.5 = sm 16.5.

Mzingo hauhitaji kusubiri pande zote zijulikane, kwa sababu kila upande unapozidishwa kwa namba ileile, jumla yake nayo huzidishwa vivyo hivyo. Mzingo wa ABC ni sm 25, kwa hiyo wa DEF ni 25 × 1.5 = sm 37.5, jumlisha 9, 12 na 16.5 uhakikishe.

Ukirudi kutoka DEF kwenda ABC, gawanya kwa 1.5. Eneo, hata hivyo, huzidishwa kwa kipeo cha pili cha uwiano huo, yaani 2.25.